Mama mkwe anasema mbwa anakula kuliko yeye

BARUA

Shikamoo Anti,

Mimi ni mama wa watoto wawili, nakaa Uyole hapa Mbeya na nauza nguo za watoto sokoni. Mume wangu ni dereva wa malori ya Dar na Zambia, kwa hiyo nyumbani anapita tu. Tunabaki mimi, watoto na mama mkwe, aliyehamia kwetu kutoka Rungwe baada ya baba mkwe kufariki. Alikuja na paka wake kwenye kikapu, ndani ya Coaster, kikapu kakipakata njia nzima.

Baada ya vibaka kuruka ukuta na kutubebea kuku na betri ya sola, mume wangu alirudi safari na mbwa mchanga aliyemnunua Iringa, jamii ya German Shepherd. Watoto wakamwita Bosi. Sikuwahi kupenda mbwa, lakini baridi ya huku unaijua Anti. Kitoto cha mbwa kinatetemeka mlangoni, utakiacha? Nikajikuta ndiye ninayeamka usiku kukifunika.

Kazi ya kumpikia aliichukua Mama. Anachemsha pumba za mahindi kwenye sufuria kubwa, anatia chumvi, mabaki ya maharage na ukoko wa ugali, basi. Paka anapewa ugali uliolowekwa kwenye maziwa. Nikimwambia tuwaongezee kitu, ananijibu kwamba mbwa akishiba analala na mwizi anapita, na paka akishiba panya wanacheza ngoma. Wala hasemi kwa ubaya, ndivyo walivyofuga Rungwe. Lakini siku moja nikamkuta anatwanga pilipili kichaa achanganye na pumba ili Bosi awe mkali. Nikamwomba asimpe. Akaiacha sufuria palepale jikoni, akaenda kulala bila kula.

Tangu hapo nampikia Bosi mwenyewe. Nanunua mapupu na maini, mara mojamoja nyama ya kusaga, nachanganya na wali. Mifupa nimeipiga marufuku isije ikamkwama. Alinenepa, manyoya yakang'aa, nikaona nimeshinda. Sasa ana kama miezi sita na miguu ya mbele imeanza kupinda, matege kabisa, na asubuhi akiamka anachechemea. Mama anasema nyama ndiyo iliyomharibu mifupa, tumwanike juani asubuhi kama tulivyowaanika wanangu. Mimi nasema ni zile pumba zake za mwanzo. Jirani anayezalisha mbwa wa kuuza anasema sote hatujui kitu, dawa ni chakula cha mfuko. Nilipouliza bei mjini nikakuta kiroba kimoja kinazidi gunia la mahindi.

Paka naye anakonda. Tangu mtaa wetu uanze kutega sumu ya panya sijamwona na windo mdomoni, na watoto wanasema gizani anagonga miguu ya meza. Mama akiulizwa anasema ni uzee.

Sasa Jumapili wifi zangu walikuja. Tukiwa tunakula, Mama akasema kwa sauti ya kawaida kabisa: "Nilipolazwa, huyu aliniletea uji. Leo mbwa anapikiwa maini." Wote wakanyamaza wakaniangalia. Anti, ule uji niliamka alfajiri kuukoroga kwa maziwa na karanga, na nesi ndiye aliyesema apewe kitu laini. Nilishindwa kujibu, nikaanza kuondoa vyombo.

Mume nikimpigia anasema, "Mimi niko kwenye foleni Tunduma, mnaniletea habari za mbwa?" Kuna mzee wa kanisa kule Mbalizi anamtaka Bosi. Nafikiria nimpe nipate amani, ingawa mwanangu mkubwa ameshasema atahama naye. Au niwe nampikia usiku Mama akishalala? Au niseme wazi kwamba sufuria ya mbwa asiiguse tena? Nyumba ni yangu, lakini yeye ndiye mama.

Mkamwana, Uyole

JIBU

Marahaba mwanangu, na pole.

Umeniandikia juu ya mbwa, na juu ya mbwa nitakujibu kwa kirefu, maana miguu ya Bosi haiwezi kusubiri wakubwa wapatane. Ila namwona pia mwanamke anayebeba nyumba peke yake sehemu kubwa ya mwaka, kisha akaaibishwa mbele ya wifi zake kwa uji alioamkia alfajiri. Hilo nitalirudia.

Umesema Mama analaumu nyama nawe unalaumu pumba. Sijamwona mbwa, lakini kwa ulivyoeleza, huenda nyote wawili mna haki. Mfupa unaokua unahitaji madini ya kalsiamu na fosforasi yakiwa na uwiano. Maini, mapupu na nyama isiyo na mfupa vina fosforasi nyingi na kalsiamu kidogo sana. Pumba nazo zina fosforasi nyingi, na kalsiamu ile kidogo iliyomo hufungwa na asidi ya fitiki inayokaa kwenye ganda la nafaka, isiingie vizuri mwilini. Wali hauongezi kitu hapo. Kalsiamu ikipungua kwenye damu, mwili huichota kwenye mifupa, nayo inakuwa laini na kupinda kwa uzito wa mwenye nayo. Mbwa wa jamii kubwa hukua haraka, kwa hiyo kwake hujitokeza mapema. Yaani mama mkwe na mkamwana mnagombana huku mmemlisha upungufu uleule kwa bei tofauti! Na ulipoondoa mifupa kwa kumhurumia, ukawa umeondoa kalsiamu iliyobaki. Manyoya kung'aa hakukukudanganya. Protini na mafuta alipata, mifupa ndiyo haikupata chake.

Juu ya jua, Mama anatoa kile alichokiona kikiwafaa watoto, na kwa watoto ni kweli: ngozi ya mtu hutengeneza vitamini D juani. Ngozi ya mbwa na ya paka haiwezi kuitengeneza ya kutosha. Wao huipata kwenye chakula, hasa samaki, mayai na maini. Kumlaza Bosi juani hakutamdhuru, na kwa baridi ya Uyole atafurahi, lakini hakutanyoosha mguu.

Hata hivyo matege ya mbwa yana sababu nyingine pia. Akianguka au kugongwa akiwa mchanga, sehemu ya mfupa inayokua inaweza kuumia, mguu ukapinda bila chakula kuhusika. Ndiyo maana ningependa daktari wa mifugo amshike hiyo miguu, na ikiwezekana apigwe picha ya eksirei, kabla hamjakubaliana nani alikosea. Usikimbilie duka la dawa kununua vidonge vya kalsiamu kwa kukisia. Mtoto wa mbwa mkubwa hana namna nzuri ya kuzuia kalsiamu ya ziada isiingie mwilini, nayo ikizidi huharibu mifupa vilevile. Akupimie daktari. Kwa sasa mzuie asiruke ngazi wala kukimbizana na watoto, mifupa ya namna hiyo huvunjika kirahisi.

Sasa nikuulize jambo. Unaamini kwamba ufugaji wa Rungwe ulikuwa wa kuwanyima wanyama. Ulishawahi kumwuliza Mama mbwa wao walikula nini mchana, baada ya sufuria ile ya pumba? Mbwa wa kijijini hazungukwi na ukuta. Anaokota mfupa palipochinjwa, anapata kondo la ng'ombe aliyezaa, mayai ya kuku anayetaga vichakani, panzi, panya wa shambani. Sufuria ya nyumbani ilikuwa nyongeza tu. Paka ndiyo zaidi: ugali na maziwa vilikuwa vya kumzoeza nyumba, chakula chenyewe kilikuwa panya, anayeliwa na mifupa, maini na moyo wake. Mama hakukosea kule. Alihamisha sufuria akaileta Uyole, na yale mengine yote yakabaki Rungwe. Hapa kuna ukuta, geti, na panya wamewekewa sumu.

Kwa hiyo paka ndiye ananipa wasiwasi kuliko unavyofikiri. Mbwa ameishi na watu hadi tumbo lake likazoea wanga. Mwaka 2013 watafiti wa Sweden walionyesha kwamba mbwa ana nakala nyingi za jeni inayosaidia kuyeyusha wanga kuliko mbwa mwitu wa aina ya wolf, jamii aliyotokana nayo, kwa hiyo ugali kwake si dhambi ukiwa na kitoweo. Paka hana hiyo nafuu. Ni mla nyama hasa. Kuna kirutubisho kinaitwa taurini ambacho mwili wake hautengenezi cha kutosha, na nafaka hazina. Akikikosa kwa miezi, macho hupofuka taratibu na moyo hudhoofika. Mwaka 1987 watafiti wa Marekani waligundua kwamba paka waliokuwa wakifa kwa ugonjwa wa moyo, wengine wakila chakula cha dukani, walikuwa na upungufu huo, na viwanda vikalazimika kukiongeza. Vitamini A pia lazima aipate ikiwa tayari kwenye nyama, hawezi kuitengeneza kutokana na karoti wala mchicha. Paka anayegonga meza gizani apimwe macho kabla hatujasema ni uzee. Na sumu ya panya inaweza kumfikia kupitia panya aliyekwisha kuila, kwa hiyo uliza majirani wanatumia ipi, daktari atataka kujua.

Jirani yako wa chakula cha mfuko hajadanganya. Kilichotengenezwa vizuri kwa mbwa anayekua kina kila kitu kwa kipimo, na kama pesa zingekuwapo ningesema sawa. Lakini ukinunua kiroba kimoja kwa kujibana, kikiisha ukarudi kwenye pumba tupu, sioni umepata nini. Na usije ukampa paka chakula cha mbwa kwa kudhani ni kilekile.

Kati ya pumba na mfuko kuna njia, nayo inapita Kyela. Dagaa wa Nyasa, wale usipa, huliwa mzima mzima na mifupa yake. Ndani yake kuna kalsiamu, protini na taurini. Waoshe mchanga na chumvi itoke, wachemshe, kisha maji ya kuchemshia usiyamwage, kwa sababu taurini huyeyukia humo. Wachanganye na ugali wa dona au wali kwa Bosi, pamoja na mapupu kidogo na yai lililochemshwa unapoweza. Maini yawe kidogo na ya mara mojamoja. Paka anayelishwa maini kila siku hujaa vitamini A kupita kiasi hadi mifupa ya shingo inakakamaa. Paka apate dagaa, mioyo na firigisi za kuku, ugali uwe wa kusindikiza tu. Hata dagaa wasiwe peke yao siku zote, badilishabadilisha. Maziwa si lazima. Paka wengi wakubwa huwaharisha, maji safi yanawatosha.

Kuna mambo ya sufuria ya Mama ambayo kwa kweli inafaa yaondoke, na hapa sitapindisha. Kitunguu, kiwe kibichi au cha kupikwa, huharibu chembe nyekundu za damu za mbwa na paka, na maharage ya nyumbani yasiyo na kitunguu ni ya nadra. Mfupa wa kuku uliopikwa hupasuka vipande vyenye ncha, hapo woga wako ulikuwa sahihi. Pilipili inampa maumivu ya tumbo, ukali haumpi. Na pumba zenye ukungu, zile zinazoitwa "za mbwa" kwa sababu mtu hawezi kuzila, ndizo zinazonitisha kabisa. Sumukuvu hukaa zaidi kwenye maganda ya nafaka na hushambulia ini. Mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara, na ini la mbwa halina kinga ya ziada. Huku kwetu mvua inakuta mahindi bado shambani, kwa hiyo pumba zinuse kabla ya kununua.

Nawe kwenye mapupu na maini yako, angalia kama yana malengelenge yenye maji. Mbwa akiyala mabichi anaweza kupata minyoo ya tegu, mayai ya minyoo hiyo yakatoka na kinyesi, na watoto wanaomkumbatia wakayameza. Mtu akiambukizwa, huota uvimbe wa maji kwenye ini au mapafu. Chemsha yote vizuri, yenye malengelenge yafukie au yachome. Ukiwa kwa daktari uliza dawa ya minyoo, na chanjo ya kichaa cha mbwa kama bado, maana barua yako haikuitaja.

Turudi kwa Mama. Unadhani hapendi wanyama. Mtu asiyependa wanyama hampakati paka kutoka Rungwe hadi Uyole. Ninavyoona mimi, na unaweza kunikatalia kwa sababu wewe ndiye unayeishi naye, alipofika kwako alikuta kila jiko lina mwenyewe. Sufuria ya mbwa ndiyo iliyokuwa yake. Ulipoichukua, ulikuwa unamwokoa Bosi, na haki ulikuwa nayo. Yeye huenda alihesabu kitu kingine. Ule usiku aliolala bila kula, sidhani kama ulikuwa wa pilipili.

Na maneno ya uji? Mgonjwa aliyelazwa anakumbuka mengi asiyoyasema. Huenda hakujua kwamba nesi ndiye aliyeagiza. Huenda alitamani tu mtu akae naye. Sisemi alifanya vizuri kukusema mbele ya wifi zako, aliumiza. Nauliza tu kama kuna siku mmewahi kuongea juu ya kulazwa kwake bila mbwa kuwa katikati.

Ukimpa Bosi mzee wa Mbalizi, kelele zitapungua kwa muda, lakini mtoto wako atajua ni nani aliyemfukuza, na mpokeaji inabidi aambiwe wazi juu ya miguu hiyo, siyo aje aigundue. Ukipika usiku kwa siri, nyumba yenye watoto haina siri, na Mama akigundua ataona ulikuwa unamwonea aibu au unamficha. Ukimkataza sufuria waziwazi, haki unayo, ila ujue utakuwa umemnyang'anya kazi ambayo huenda ndiyo inamwamsha asubuhi. Kumwachia mume atoe amri kutoka foleni ya Tunduma nako kuna hatari, kwa sababu Mama atasikia ameshtakiwa kwa mwanawe. Labda mumeo umwombe kitu kingine kabisa: fungu la chakula cha wanyama alitenge yeye, maana mbwa kamleta yeye, na pesa hiyo aitume kwa mama yake. Sijui kama hilo litakupendeza. Lina gharama yake, utakuwa umemrudishia sufuria, na yawezekana mwanzoni atapika anavyojua.

Kama utaamua kuzungumza naye, unaweza kuanzia kwa paka badala ya Bosi. Paka ni wake na macho yake yanafifia. Mwombe mwende wote kwa daktari, yeye na kikapu chake, wewe na Bosi, aulize mwenyewe na asikie mwenyewe. Maneno ya daktari hayatakuwa yako wala yake. Na ukitaka kumjibu lile la mbwa aliyeshiba, yuko nusu sahihi na mwambie hivyo: mtoto wa mbwa mkubwa asinenepeshwe, mifupa inalemewa. Ukipitisha vidole ubavuni mbavu uzihisi bila kubonyeza, lakini usizione kwa mbali. Ila mbwa mwenye njaa ndiye wa kwanza kumeza kipande cha nyama chenye sumu alichorushiwa na mwizi juu ya ukuta. Paka naye huwinda hata akiwa ameshiba.

Kwa daktari nenda wiki hii kama unaweza. Mwambie kila alichokula Bosi tangu atoke Iringa, pumba na maini vyote, bila kusema kipi kilikuwa cha nani. Kisha niandikie alivyosema juu ya miguu, na juu ya macho ya paka.